Monita yako inakwenda kwa Hz ngapi? Nenda kaangalie kwanza

Monita yangu ya Hz 144, yaani inayoweza kuchora picha upya mara 144 kwa sekunde, ilikaa mezani miezi saba ikifanya kazi kwa Hz 60. Niliinunua kwa kujinyima, nikaichomeka, picha ikatokea, nikaridhika. Siku nilipofungua mipangilio kwa shughuli nyingine kabisa ndipo nikaikuta ile 60 imekaa pale, wala haina wasiwasi. Kebo ilikuwa sawa, monita nzima. Ni mimi tu niliyekuwa sijaichagulia namba yake.

Kwa hiyo anza hapo. Kwenye Windows 11, bofya kulia mahali patupu kwenye skrini, ingia mipangilio ya onyesho, kisha sehemu ya mipangilio ya kina. Utakuta orodha ya namba zenye Hz. Kwenye Mac iko ndani ya mipangilio ya mfumo, upande wa skrini. Wa Linux wanaotumia X11, mfumo wa kuchora madirisha kwenye skrini, waandike xrandr kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Hapo namba yenye nyota ndiyo inayotumika sasa hivi. Ukikuta 59.94 usihangaike. Huo ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya 1953, ambapo 60 iligawanywa kwa 1.001, na mpaka leo tunatembea nao.

Hz 60 maana yake kioo kinachora picha upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde 16.7 hivi. Kwa 144 inakaa 6.9, kwa 240 inakaa 4.2. Zitazame hizo namba vizuri kabla hujatoa pesa: kutoka 60 kwenda 144 unapunguza karibu milisekunde 10, lakini kutoka 144 kwenda 240 hupunguzi hata 3. Mtu wa michezo ya kulenga shabaha huenda akaiona tofauti. Mimi ninayeshinda kwenye maandishi nilionja 240 kwa rafiki yangu, nikarudi nyumbani bila wivu. Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni filamu. Nyingi zina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki kwa 24, hivyo fremu moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera ikipita taratibu unaona picha inajikwaa. Kwenye 120 kila fremu inapata zamu tano sawasawa.

Namba unayoitaka haimo kwenye orodha? Shuku kebo na tundu lake kwanza. HDMI na DisplayPort ni aina za kebo na matundu, na namba inayofuata ni toleo. HDMI 1.4 ikibeba picha ya 4K, ile yenye nukta nyingi sana, inaishia Hz 30, na utaijua kwa jinsi mshale wa kipanya unavyoburuta miguu. Kwa 4K ya Hz 60 unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu.

Sasa kubadili. Windows ikishabadili inakuuliza kama ubaki na mpangilio mpya, na inakupa sekunde 15. Kioo kikiwa cheusi, toa mikono kwenye kibodi. Usibonyeze chochote, hesabu tu, itajirudisha yenyewe. Watu wengi wanajiharibia hapa: wanapapasa vitufe gizani na mara wamekubali wasichokiona. Ikikwama kweli, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B ili draiva ya grafiki, programu inayoendesha picha, ianze upya. Ikigoma, chomeka skrini nyingine, hata televisheni, urekebishe kupitia hiyo.

Monita za leo ukizizidishia Hz zinasema tu kwamba ziko nje ya kiwango, kisha zinalala. Zile za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na huruma hiyo. Zilimeta kwa 60 hadi kichwa kikauma, ndiyo maana tulizipandisha hadi 85. Mimi nikataka 100. Nikaondoa alama kwenye kile kisanduku cha kuficha viwango ambavyo monita haiwezi, nikachagua. Ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, picha ikajikunja kuwa mstari mmoja, harufu ya kuungua ikafuata. Haikuwaka tena. Tangu siku ile orodha inayotoka kwenye monita yenyewe naiheshimu, na wanaojitungia viwango vyao kwa programu nawatazama kwa mbali.

Macho yakichoka kwenye kioo bapa, usikimbilie kulaumu Hz. Kioo cha LCD hakimeti kwa sababu ya 60. Kinachoweza kumeta ni taa ya nyuma, hasa ukiipunguza, kwa kuwa monita nyingine hufifisha taa kwa kuizima na kuiwasha haraka haraka. Kujua ni rahisi. Fungua ukurasa mweupe, punguza mwanga, kisha pungia kalamu mbele ya kioo kwa kasi. Ukiona ukungu laini, salama. Ukiona kalamu nyingi zilizotengana kama meno ya kitana, taa inakatika. Pandisha mwanga kidogo kidogo huku unapunga mpaka kalamu ziungane. Yangu ya sasa inaanza kukatika mwanga ukishuka chini ya 30, kwa hiyo nimeiacha 45, na usiku nawasha taa ya meza badala ya kuipunguza.