Kuchagua Kenopi Ndefu ya Pikapu: Anza kwa Kupima Kimo Chako Ukiwa Umekaa

Kenopi ni kifuniko kigumu chenye paa kinachofungwa juu ya bodi, yaani sehemu ya mizigo ya pikapu. Anayetafuta kenopi ambayo paa lake limepanda juu kuliko kebini, anamokaa dereva, huwa na sababu moja kati ya mbili: ama anataka kulala humo awapo safarini, ama ana mizigo isiyoenea chini ya kenopi ya kawaida, kama vile baiskeli zilizosimamishwa au makabati ya vifaa vya kazi. Mwongozo huu unamlenga zaidi mlalaji, kwa kuwa ndiye anayekosea mara nyingi. Mwenye mizigo hupima kilicho kirefu kuliko vyote, akaongeza sentimita chache, na hesabu yake ikaishia hapo.

Kosa la mlalaji ni kuchagua kwa macho, kenopi ikiwa bado tupu. Nami nililifanya kosa hilo. Nilipanda kwenye bodi, nikakaa sakafuni, nikaona kichwa hakigusi paa, nikalipa. Usiku wa kwanza, nilipokwisha kupanga masanduku, nikatandaza mbao juu yake na godoro juu ya mbao, nilivaa soksi nikiwa nimeinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Kimo nilichokilipia kilikuwa kimeliwa chote na kitanda.

Kwa hiyo, kabla ya kumtembelea muuzaji yeyote, keti sakafuni nyumbani ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, weka kitabu kikubwa utosini huku ukingo wake ukigusa ukuta, kisha mtu mwingine apige alama chini ya kitabu. Watu wazima wengi hupata kati ya sentimita 80 na 95. Ikiwa mtalala wawili, tumieni kipimo cha aliye mrefu zaidi. Juu ya namba hiyo ongeza kimo cha kitanda, unene wa godoro likiwa limekaliwa, na sentimita 5 za kuepusha kichwa na dari. Tuseme umepata sentimita 90, kitanda kina 25, na godoro likibonyea linabaki na 6: jumla ni sentimita 126 kutoka sakafu ya bodi hadi dari. Kuta za bodi za pikapu nyingi zina kina cha takribani sentimita 50, hivyo kenopi yenyewe inapaswa kukupa sentimita 76 juu ya ukingo wa bodi. Kenopi inayolingana na paa la kebini haifiki hapo, kwani nyingi hutoa sentimita 50 hivi.

Hesabu hiyohiyo inaweza kukuonyesha kwamba huhitaji kenopi ndefu hata kidogo. Ukiondoa kitanda na kulala kwenye godoro lililowekwa sakafuni, mtu yuleyule anahitaji sentimita 101 tu, na kenopi ya kawaida inamtosha, ingawa kwa kubanana. Mizigo yake itabidi ikae ubavuni badala ya chini ya kitanda. Napendekeza uamue jambo hili kwanza, kwa maana kila sentimita ya ziada utaibeba barabarani siku zote, hata zile ambazo hulali humo.

Unapomuuliza muuzaji vipimo, sisitiza kimo cha ndani mahali hasa kichwa chako kitakapokuwa. Paa nyingi ndefu huteremka kuelekea mbele ili kupunguza upinzani wa upepo, na namba inayotajwa huwa ni ya sehemu ya juu kabisa. Kitambaa cha dari na tabaka la kuzuia joto navyo hula sentimita 2 au 3.

Angalia pia urefu wa bodi. Bodi ya pikapu ya kebini mbili kwa kawaida ni ya mita 1.5 hivi, na hakuna paa litakalomwezesha mtu wa mita 1.75 kunyoosha miguu humo mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Mtu huyo atalala mshazari akiwa peke yake, au atafute kenopi ambayo sehemu yake ya mbele inapanda juu ya kebini na kuwa kitanda. Ukichagua ya namna hiyo, hakikisha imeachiwa nafasi kati yake na paa la kebini, kwa sababu kebini na bodi hufungwa kwenye chesisi kila kimoja peke yake na hutikisika tofauti gari likipita penye mashimo.

Sasa gharama za kimo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, maana yake ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 unakaribia kuizidisha mara mbili, na paa lililochomoza juu ya kebini linaupokea upepo huo moja kwa moja. Upepo wa ubavuni nao utausikia kwenye usukani. Kenopi ndefu ya faibaglasi inaweza kuzidi kilo 100, na uzito huo unatolewa kwenye kiwango ambacho gari linaruhusiwa kubeba, kiwango ambacho abiria, maji na mizigo nao wanahesabiwa humo. Kama unataka keria juu yake, uliza uzito ambao paa linahimili gari likiwa linatembea, wala si ule tu wa gari likiwa limesimama, ambao huwa mkubwa zaidi. Hema la kulalia juu ya kenopi ambayo tayari ni ndefu silishauri, kwani uzito wote huo ukikaa juu gari huyumba kwenye kona. Baada ya kuifunga, pima kimo cha gari zima likiwa tupu, kwa sababu gari lisilo na mzigo ndilo huwa juu zaidi, kisha bandika namba hiyo mbele ya dereva. Maegesho mengi ya ndani ya majengo huzuia magari yanayozidi mita 2 na kidogo.

Kuhusu malighafi sina maneno mengi. Faibaglasi huja na umbo zuri na rangi inayolingana na gari, lakini hupata nyufa ikigongwa. Alumini ni nyepesi na hubonyea badala ya kupasuka, ila chunguza ribiti (pini zinazoshikanisha mabati) na maungio yake, ndipo maji yanapopenya. Pia hupoa haraka usiku, na mvuke wa pumzi hugeuka matone darini. Kwa hiyo kenopi ya kulala iwe na matundu ya hewa mawili yanayokabiliana, moja likiwa juu. Jiko la mkaa au la gesi lisiwashwe ndani kamwe, hata matundu yakiwa wazi, kwani hewa ya kaboni monoksidi haina harufu.

Vumbi lina tabia yake. Gari likienda kasi, hewa ya nyuma yake hupungua shinikizo na vumbi hufyonzwa kupitia upenyo wa mlango wa nyuma wa bodi, hasa pembeni mwa bawaba za chini. Ingia ndani mchana wa jua kali, ufungiwe, ukae dakika mbili macho yazoee giza: kila mstari wa mwanga utakaouona ni njia ya vumbi na maji, na unahitaji raba.

Ukiwa bado umefungiwa, jaribu kutoka. Vitasa vya kenopi nyingi vimetengenezwa kwa ajili ya mizigo na hufunguka kwa nje tu, na mlango wa bodi wenyewe mara nyingi ndivyo ulivyo. Usilale ndani ya kenopi isiyofunguka kwa ndani. Tazama pia kama ina taa yake ya breki, iwapo ile ya juu ya kebini imezibwa.

Vibano vya kuifunga kwenye bodi vikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, maana raba iliyo chini ya kenopi hubonyea kwa uzito na kuvilegeza.