Namna ya Kuendesha Kipindi cha Muhammad Ali kwenye Klabu ya Ngumi Arusha

Vijana wengi wa ngumi Ngarenaro, Kaloleni na Unga Limited wanamjua Muhammad Ali kwa picha za ukutani na pambano la Kinshasa la 1974. Wachache wanajua kwamba akiwa na miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu ambaye hajawahi kupigwa, alikaa nje ya ulingo miaka mitatu na nusu kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Hapo ndipo pa kufundishia, na panahitaji maandalizi, maana habari zake zimechanganyika mno na maneno ya vijiweni.

Dakika 90 zinatosha kwa vijana 20 hadi 24. Fanyeni Jumamosi asubuhi kabla ya mazoezi. Baada ya mazoezi mazito hakuna anayesikiliza. Tafuta karatasi mbili za manila, makapeni, chaki na saa.

Kwenye manila ya kwanza andika tarehe chache tu. Louisville, 17 Januari 1942, anazaliwa Cassius Clay. Roma 1960, dhahabu ya Olimpiki. 25 Februari 1964, anamshinda Sonny Liston, kisha anajitangaza kuwa Mwislamu na kupewa jina jipya. 28 Aprili 1967, Houston, anakataa kuandikishwa jeshini. 26 Oktoba 1970, anarudi ulingoni Atlanta. 28 Juni 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani inafuta hatia yake. Kati ya 1967 na 1970 acha nafasi kubwa tupu, waione. Baadaye waeleze kwamba miaka hiyo alizunguka vyuo vikuu akitoa hotuba ili apate riziki.

Usiruke ubaguzi. Kijana wa leo hawezi kuelewa uamuzi wa 1967 bila kujua kwamba bingwa wa Olimpiki aliweza kunyimwa chakula kwenye mgahawa wa mji wake kwa sababu ya rangi. Taja pia Emmett Till, aliyeuawa Mississippi 1955 akiwa na miaka 14. Ali alikuwa na 13.

Sasa chora mstari wa chaki sakafuni. Sehemu hii ndiyo moyo wa kipindi, na ndiyo huharibika zaidi. Igizeni uandikishaji wa jeshi wa Houston: vijana sita, mmoja wao akiwa Ali, wasimame nyuma ya mstari. Msomaji aite jina moja moja, na anayeitwa avuke. Akifika kwa Ali aite “Cassius Clay”, kwa sababu serikali ilitumia jina la zamani. Anayemwigiza asiseme neno wala asitikise mguu. Hesabu sekunde 20. Kisha ofisa amvute pembeni, amweleze adhabu: kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Amrudishe, amwite tena. Bado asisogee.

Kosa la kawaida ni kuigiza kwa kelele na ngumi hewani. Kuvuka mstari ndiko kulikomfanya mtu awe askari kisheria, kwa hiyo kukataa kwake kulikuwa kule kusimama tu, akiwa ameshajua bei. Siku hiyohiyo tume ya ngumi ya New York ilimsimamishia leseni na kumnyang'anya ubingwa, kabla mahakama yoyote haijamsikiliza. Hatia ilikuja 20 Juni: baraza la wazee wa mahakama lilijadiliana dakika 21 tu. Waulize vijana, nani alimwadhibu kwanza, na kwa mamlaka gani?

Kwa kesi yake, gawa makundi matatu, kila moja lichukue swali moja kati ya matatu ambayo sheria iliuliza kwa anayeomba kusamehewa jeshi kwa sababu ya dhamiri: Je, anapinga vita vyote au hivi tu? Je, msingi wake ni dini? Je, ni mkweli? Kundi la kwanza ndilo lenye kazi ngumu, kwa sababu Ali alisema angeweza kupigana vita vilivyoamriwa na Mungu. Wape dakika kumi, ndipo ueleze hukumu. Serikali yenyewe ilikuwa imekubali kwamba alikuwa mkweli na kwamba msingi ulikuwa dini. Bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshini, iliyomkatalia ombi lake, haikuwa imesema ilimkatalia kwa sababu ipi kati ya tatu. Majaji wanane kwa sifuri wakaifuta hatia. Atatokea wa kusema mahakama iliharamisha vita vya Vietnam. Haikufanya hivyo, mrekebishe palepale.

Rekebisha na haya. Hakutumikia kifungo cha miaka mitano. Alikuwa nje kwa dhamana. Kisa cha Ali kuitupa mtoni medali yake ya Olimpiki kina ubishi, usikifundishe kama kweli. Wala usimfanye pacha wa Martin Luther King: King alitaka watu wa rangi zote waishi pamoja, kundi la Ali wakati ule, Nation of Islam, lilihubiri weusi na weupe kutengana, ingawa walikutana Louisville Machi 1967 kuhusu haki ya makazi. Na matusi aliyomtolea bondia mpinzani wake Joe Frazier yasifichwe. Frazier alikuwa amemsaidia alipokuwa nje ya ulingo.

Swali la JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria litaulizwa, hasa na waliomaliza kidato cha sita. Usilikwepe, ila onyesha tofauti kati ya mafunzo ya hapa nyumbani na kupelekwa kupigana ng'ambo.

Malizia na Tanzania. Februari 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Tulikwenda, na Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, akarudi na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Lakini 1976, akiwa anashikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, Bayi aliikosa Montreal kwa sababu taifa letu lilisusia kupinga ushirikiano wa michezo na Afrika Kusini ya makaburu. Ali alichagua mwenyewe. Bayi alichaguliwa na nchi. Waulize nani alilipa zaidi, na kama inafaa nchi imchagulie mwanamichezo. Kila mmoja apewe dakika moja, na asikatizwe hata kama hukubaliani naye.