SOMO: Trekta la zamani halipigi stata, anzia hapa kabla hujanunua stata nyingine

Salaam wakuu. Huku kwetu Tanga mvua za kwanza zikidondoka tu kila mtu anataka kulimiwa, na ndo hapo trekta lililolala bandani tangu msimu uliopita linagoma. Nazungumzia haya ya kizamani, Massey Ferguson 135, 240, 290, Ford 5000 na wenzao, volti 12, dizeli ya pampu ya kawaida. Injini zake zikishawaka hazidai umeme tena, kwa hiyo ishu yote ni betri, nyaya nene, swichi, solenoidi (swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa wa betri kwenda kwenye stata) na stata (mota inayozungusha injini mpaka iwake). Na kwa hewa yetu hii ya chumvi mara nyingi stata haina kosa lolote, kosa liko kwenye nyaya na ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma), ila watu wanakimbilia kufungua stata.

Kabla ya yote: gia frii, hendibreki juu, gogo chini ya tairi. Ile tabia ya kusimama mbele ya tairi la nyuma ukaunganisha solenoidi kwa bisibisi inaua. Bisibisi inairuka swichi ya usalama ya gia, trekta likiwa kwenye gia linawaka na kuondoka hapohapo na we ndo uko njiani.

HATUA YA 1: Sikiliza.
Washa taa za mbele, mwenzio apige stata. Kimya kabisa na taa hazitikisiki, basi ni upande wa swichi. Inasema tatatata na taa zinafifia, betri imechoka au kuna muunganiko mbovu. Inasema "ka!" mara moja tu, tutafika hatua ya 4.

HATUA YA 2: Betri.
Iliyolala bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma volti 12.6 imejaa, ikisoma 12.0 hiyo ni karibu tupu, kachaji kwanza usipoteze muda. Ikiwa imejaa, iangalie wakati wa kupiga stata, isishuke sana chini ya 9.6. Betri inaweza kusoma 12.6 vizuri kabisa afu ikipewa kazi inaanguka mpaka 6, hiyo imekufa hata kama taa zinawaka.

HATUA YA 3: Nyaya nene, na hapa ndo penye somo.
Kupima waya bila stata kufanya kazi hakukwambii kitu, maana hata uzi mmoja wa kopa uliobaki utaonyesha volti 12 kamili. Vuta leva ya kuzimia ili injini isiwake, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja igusishe kile kichwa chenyewe cha risasi cha betri, sio terminali iliyokikaba, ncha ya pili kwenye bolti kubwa ya stata unapoingia waya wa betri. Mwenzio apige. Ikizidi nusu volti, waya au vifungio vyake vinakula umeme. Rudia upande wa ethi, kutoka kichwa hasi cha betri mpaka bodi ya stata, hapa pia isifike nusu. Usizidishe sekunde 10 kwa mara moja, ipumzishe.

Huna mita? Piga stata kidogo afu gusa viungio kwa tahadhari, penye joto ndo penye ugonjwa. Ukikuta ganda la waya limevimba karibu na terminali lipasue kwa kisu, mara nyingi ndani utakuta kopa imegeuka unga wa kijani. Huo hausafishiki, kata mpaka ufike kopa nyekundu au badili waya mzima. Ethi nayo fungua bolti, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, ndo upake grisi juu. Grisi mwisho, sio katikati ya chuma na chuma.

HATUA YA 4: Swichi na solenoidi.
Taa ya kupimia kwenye kile kiwaya chembamba cha solenoidi, zungusha ufunguo. Haiwaki? Rudi nyuma kwenye ufunguo na swichi ya usalama. 240 na 290 leva ya Hi/Lo (ya kuchagua gia za juu au za chini) isipokuwa katikati haziitiki ng'o, cheki hilo kabla hujamwita fundi. Taa inawaka na stata inasema "ka!" tu, pima kati ya bolti mbili kubwa za solenoidi wakati ufunguo umeshikwa: ikisoma karibu volti zote za betri, kontakti za ndani zimeungua. Ikisoma karibu sifuri na umeme unafika, hapo sasa fungua stata uangalie kaboni (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka).

MASWALI

Mkulima wa Maramba: Fundi, langu stata inazunguka viiii lakini injini imekaa tu. Ila siku nyingine inakamata.
Jibu: Bendeksi (kigia cha stata kinachokamata injini), au meno ya fulaiweli (gurudumu zito la injini ambalo kigia hicho hulikamata) yameliwa. Zungusha injini kidogo kwa mkono afu jaribu tena, ikikamata ni meno. Injini hupenda kuzimikia palepale, ya silinda 4 sehemu mbili na ya silinda 3 sehemu tatu, ndo maana meno yanaisha hapo tu. Bahati mbaya kuyafikia lazima trekta litenganishwe katikati.

Wa Pongwe: Waya wa mashine ya kuchomelea naweza kutumia?
Jibu: Unafaa sana kama ni kopa na ni mnene, milimita 50 za mraba kwenda juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoka mweupe ndani hiyo ni alumini iliyopakwa rangi ya kopa, rudisha dukani.

Mdogo wenu, Pangani: Shikamoo kaka. Nimepata lori la kunishtulia betri ila nasikia ni volti 24, niunge?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiunge mwisho kwa mwisho, utaua betri na taa. Lori lina betri mbili za 12, unga kwenye moja tu, chanya yake na hasi yake hiyohiyo, na lori lizimwe kabisa. Waya wa mwisho wa hasi bana kwenye chuma cha injini ya trekta mbali na betri, cheche isikutane na gesi.