Somo: Kutyuni gitaa la besi, ukiwa na tyuna au bila tyuna

Bwana asifiwe wapiga besi wa Mwanza na wote wa kando ya ziwa. Leo tunatyuni. Nimeliweka somo hili mbele ya masomo ya vidole na mitembeo kwa sababu besi iliyotoka kwenye tuni huharibu bendi nzima, na mara nyingi hakuna anayejua kwamba tatizo ni besi. Gitaa la solo likitoka hata kidogo, kanisa zima linageuka kumtazama mpigaji. Besi ikishuka, watu wanasikia tu kwamba wimbo haukai. Waimbaji wanaanza kuteremka, mwalimu wa kwaya anawagombeza sauti ya nne, kumbe kosa liko kwenye uzi wako wa A.

Sababu ni hii. Uzi wa E wa besi unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 hivi, G mara 98. Huko chini sikio linapokea uzito na mdundo kuliko linavyopokea noti yenyewe. Kwa hiyo usiamue tuni ya besi kwa kusikiliza sauti ya chini. Ipandishe kwanza, uisikilize huko juu ambako sikio linaona tofauti. Karibu njia zote nitakazoeleza zinasimama hapo.

Mkono kwanza

Nyuzi kuanzia nene ni E, A, D, G. Wanakwaya mnaosoma solfa, kutoka uzi mmoja kwenda unaofuata ni kutoka so ya chini kwenda do. Piga E uiimbe so, piga A uiimbe do. Kisha A iwe so, na D ndiyo do. Ukizoea kuimba hivyo utagundua uzi uliopotea kabla hujagusa chombo chochote.

Ukizungusha funguo za kichwani, malizia kwa kukaza kila mara. Kama uzi umepita noti, ulegeze mpaka uwe chini ya noti kabisa, halafu upande nao taratibu. Meno ya ufunguo yana uwazi mdogo kati yake, na ukimalizia kwa kulegeza, uzi utajivuta kuujaza ule uwazi ukiwa katikati ya wimbo wa pili. Hili peke yake linawaponya wengi wanaolalamika kwamba besi zao hazishiki tuni.

Piga kwa kidole gumba, polepole, na nyuzi nyingine uzizuie kwa kiganja. Uzi uliochapwa kwa nguvu unaanza juu kisha unashuka, hivyo utakuwa unaifukuza noti isiyokaa mahali pamoja.

Ukiwa na tyuna

Tyuna ni kifaa kinachosikia noti na kukuonyesha kama iko juu au chini. Iwe ya kubana kichwani, ya kukanyaga kwa mguu au programu ya simu, tazama kwanza namba ya A. Isome 440, yaani A ya katikati inayotikisika mara 440 kwa sekunde, si ile ya chini ya uzi wako. Nimeona tyuna zilizobonyezwa kwa bahati mbaya zikasoma 438 au 442, na mpigaji anashangaa mbona mshale uko katikati na bado anagombana na kinanda. Kama kuna chaguo la gitaa na la noti zote, chagua noti zote, halafu hakikisha herufi unayoiona ndiyo ya uzi unaopiga, bila alama ya nusu noti pembeni.

Simu nyingi zinahangaika na uzi wa E kwa sababu maikrofoni zake ndogo hazikutengenezwa kwa sauti nene namna ile. Mshale unarukaruka, unaonyesha E, mara B, mara haupo. Usiipigie kelele simu. Piga hamoniki, yaani sauti ya kugusa uzi tu, ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni): weka ncha ya kidole juu ya chuma chenyewe cha freti, si nyuma yake kama unavyobonyeza kawaida, gusa uzi bila kuukandamiza, piga, kisha ondoa kidole mara moja. Itatoka sauti nyembamba na safi, oktavu moja (noti ileile, ngazi ya juu yake) juu ya uzi mtupu, yaani usiobonyezwa. Hapo mshale utatulia, na herufi ni ileile.

Ukiwa na kinanda

Makanisani kwetu hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko tyuna. Jua haliishushi tuni ya kinanda cha umeme, na hakina funguo za kukaza, kwa hiyo wote wenye magitaa wamfuate mpiga kinanda. Ubaya unaanza pale solo inapochukua noti kwa kinanda, ridhimu inachukua kwa solo, na besi inachukua kwa ridhimu. Kila anayepokea anaongeza kosa lake, na wewe wa mwisho unapokea makosa ya wote.

Kabla ya kuomba noti, mwambie mpiga kinanda arudishe transipozi kwenye sifuri. Wengi wanapiga kila wimbo kwa C na kubadilisha ufunguo kwa kibonyezo hicho. Kikiwa kwenye +2, akibonyeza A wewe unasikia B, na utaukaza uzi mpaka karibu ukatike. Mwombe pia atumie sauti ya piano au ogani isiyotikisika, na A ya katikati ya kinanda au iliyo chini yake. Wewe jibu kwa hamoniki ya A ya freti ya 12. Ukishapata A, nyuzi nyingine utajitegemea.

Bila chochote

Umeme umekatika, simu imezima, kinanda kiko kimya. Kama mwalimu wa kwaya ana ule uma wa chuma wa kuchukulia sauti, kwa kawaida unatoa A ya 440, umekwisha kupata. Kama hana, na unafanya mazoezi peke yako, chagua uzi unaoamini haujasogea, zile nyingine zifuate.

Njia ya kila mtu ni freti ya 5. Bonyeza freti ya 5 ya E, hiyo ni A, ilinganishe na uzi mtupu wa A. Freti ya 5 ya A inakupa D, freti ya 5 ya D inakupa G. Inatosha kuanzia, ila bado unasikiliza chini, na kidole kikibonyeza kwa nguvu uzi unapanda.

Njia ninayotaka mtoke nayo leo ni ya hamoniki. Piga hamoniki ya freti ya 5 kwenye E, na ikiwa bado inalia piga hamoniki ya freti ya 7 kwenye A. Zote mbili ni E ileile, oktavu mbili juu ya uzi mtupu wa E. Ziache zilie pamoja, usizungushe kitu, sikiliza tu. Kama hazijapatana, utasikia sauti inapanda na kuzama: wau-wau-wau-wau. Sasa zungusha ufunguo wa uzi unaoutyuni kidogo sana. Ikienda mbio, unakwenda kusiko. Ikipungua, wau… wau…, unakaribia. Endelea mpaka ule mtikisiko urefuke na kutoweka, zibaki sauti mbili zilizonyooka kama moja. Kisha fanya vivyo hivyo kati ya A na D, halafu D na G, siku zote freti ya 5 kwenye uzi mnene na freti ya 7 kwenye mwembamba.

Uzuri wake ni kwamba mkono wa kushoto uko huru kuzungusha wakati sauti bado zinalia. Uzuri mwingine, hata wimbo ukiwa unaendelea pembeni unaweza kuusikia ule mtikisiko.

Kuna tahadhari moja. Hamoniki hizi zinakupa so–do safi ya asili, ambayo ni nyembamba kuliko ya kinanda kwa sehemu 2 kati ya 100 za nusu noti. Ukianzia E ukaenda mpaka G, zimekuwa sehemu 6, na sikio zuri litaanza kulalamika. Ndiyo maana nasema anzia A: teremka E, kisha panda D na G, kosa ligawanyike pande zote mbili. Malizia kwa oktavu: E mtupu na freti ya 2 ya uzi wa D, halafu A mtupu na freti ya 2 ya uzi wa G. Zikipishana, rekebisha uzi mwembamba.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Igoma: Shikamoo mwalimu. Natyuni vizuri nyumbani, nikifika kanisani Kirumba imeshatoka. Je, gitaa langu ni bovu?*

Marahaba, mdogo wangu. Umelibeba mgongoni kwenye bodaboda, ndani ya begi jeusi, saa tano ya jua. Uzi wa chuma ukipata joto unalegea, na shingo ya mbao nayo inahama. Ukifika litoe begini, liegemeze mbali na dirisha, lipumzike dakika 15 hadi 20 ndipo utyuni. Chini ya bati joto linaendelea kupanda watu wakijaa, kwa hiyo pitia tena baada ya wimbo wa kwanza. Kama nyuzi ni mpya, kila moja ivute taratibu kwa vidole juu ya freti ya 12, utyuni, uvute tena, mpaka iache kushuka.

*Kutoka Buzuruga: Mwalimu, mimi ni dada ninayeanza besi. Hizo wau-wau sizisikii kabisa.*

Dada yangu, utazisikia. Haribu kwanza kwa makusudi. Legeza A mpaka ionekane wazi imetoka, piga hizo hamoniki mbili, kisha ipandishe polepole. Kosa likiwa kubwa mtikisiko unakimbia mno na unasikika kama mkwaruzo. Unapokaribia ndipo unahesabika. Ukifanya mazoezi bila ampu (kikuza sauti), egemeza taya lako kwenye pembe ya juu ya mwili wa gitaa. Sauti inapita kwenye mfupa na utaisikia hata chumba kikiwa na makelele.

*Kutoka Sengerema: Besi yetu ina nyuzi tano. Huo wa tano naufanyaje?*

Huo mnene zaidi ni B, karibu mara 31 kwa sekunde. Usijaribu kuuamua mtupu. Hamoniki ya freti ya 5 ya B ilingane na ya freti ya 7 ya E, basi.

*Kutoka Nyegezi: Mtupu ziko sawa zote, lakini nikipiga juu ya freti ya 12 inatoka. Tyuna inasema hivyohivyo.*

Hapo kutyuni kumekwisha, kilichobaki ni urefu wa uzi. Linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti ya kubonyeza freti hiyohiyo. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kitandiko cha uzi pale darajani, kwa bisibisi, uzi uwe mrefu. Ikiwa chini, sogeza mbele. Tyuni upya kila unaposogeza. Kama nyuzi zimechakaa na zina mabonde mahali pa freti, usihangaike na bisibisi, badilisha nyuzi.

*Kutoka Nansio, Ukerewe: Uzi wa E umekatika na hapa kisiwani sijapata dukani. Nimefunga waya wa breki ya baiskeli. Mtupu unakubali E, freti zinakataa.*

Pole sana, kaka. Waya wa breki ni chuma, kwa hiyo pikapu (vinasa sauti vya gitaa) zinausikia na ampu inalia. Lakini umesokotwa kwa kubeba mzigo. Uzi wa besi una kiini kilichozungushiwa waya kwa usawa kutoka mwanzo mpaka mwisho ili uwe mzito bila kuwa mgumu. Wako ni mgumu, hivyo kila freti itapanda kuliko inavyotakiwa, na hamoniki zake hazitapatana na za A hata uzungushe vipi. Unakula freti pia. Utoe. Agiza uzi mmoja mjini kwa mtu anayerudi na feri. Mpaka ufike, piga nyuzi tatu: kila E ichukue kwenye freti ya 7 ya A, F freti ya 8, G freti ya 10. Ni oktavu moja juu, lakini iko kwenye tuni, na kwaya itashika sauti yake.