Namna ya kuibana halmashauri kuhusu ndoa za utotoni

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kiliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi dhidi ya Serikali, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Lakini hukumu haijitekelezi yenyewe, lazima kuwe na wa kufuatilia.

1. Uliza swali linalojibika kwa namba. Ukiuliza "mnafanya nini kuhusu ndoa za utotoni?" utapewa hotuba. Uliza hivi: mwaka wa fedha uliopita, kamati ya MTAKUWWA (mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) ya kata yetu ilikaa vikao vingapi, ilitengewa shilingi ngapi, ikapokea ngapi? Kutengewa si kupokea, na mara nyingi jibu lenyewe limejificha hapo katikati.

2. Andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kumjibu raia. Mwandikie Mkurugenzi Mtendaji: "YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA KAMATI YA MTAKUWWA". Peleka nakala mbili masjala. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Ukiambiwa "iache tu, tutakupigia", keti kwenye benchi umsubiri mwenye muhuri. Bila tarehe hiyo, utazihesabu siku 30 kuanzia lini?

3. Ingia kwenye ajenda. Mwone mtendaji wa kijiji kabla ya mkutano mkuu, ambao hufanyika kila miezi mitatu. Usikubali kusukumiwa kwenye "mengineyo", maana hapo watu wameshaanza kukung'uta vumbi waondoke. Hakikisha swali lako limeandikwa kwenye muhtasari.

4. Panda ngazi. Suala la fedha mpe diwani kabla bajeti haijapitishwa. Kurekebisha kifungu cha 13 ni kazi ya mbunge, maana sheria hubadilishwa bungeni. Usimlaumu diwani kwa hilo.

Katika barua zote, usitaje jina la binti wala shule yake. Na kama kuna harusi inapangwa wiki hii, achana na barua: piga 116 au nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akiwa ni mwanafunzi wa msingi au sekondari, wakumbushe Sheria ya Elimu ilivyorekebishwa 2016: anayemuoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.