Kupuliza rangi ya kopo kwenye vyombo vya nyumbani hadi uso utoke laini

Rangi ya kupuliza ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani. Haijazi tundu, haifichi mkwaruzo wa msasa, haizibi kovu la rangi kuukuu iliyobanduka. Ikiwa ni ya kung'aa, kasoro hizo ndizo huonekana kwanza. Ndiyo maana kazi ya kiti, fremu ya kioo au taa ya mezani huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla kopo halijatikiswa. Baada ya hapo linabaki jambo moja ambalo mkono hufundishwa na macho: kupuliza rangi ikiwa na majimaji ya kutosha ili vitone viungane na kutandaa, bila kuzidi hadi itiririke.

Osha kwanza, msasa baadaye

Utaratibu huu haugeuzwi. Ukianza na msasa unasukuma mafuta ya mikono, nta na masizi ndani ya mikwaruzo, na huko hayatoki kirahisi. Fungua kwanza vitasa, bawaba, balbu na kila kisichopakwa rangi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, acha kikauke kabisa, kisha futa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Samani iliyozoea kupigwa polishi inahitaji zaidi: ifutwe mara 2 au 3 kwa thina ya rangi za mafuta, kila mara kwa kitambaa kipya. Polishi nyingi zina silikoni, na mahali penye silikoni rangi hukimbia ikaacha vishimo vya duara. Tangu hapo usikishike tena kwa mikono mitupu.

Kwenye msasa, namba ndiyo inayosema: ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi. Chuma chenye kutu kipigwe brashi ya waya, kisha msasa namba 120, kisha 240 ili kufuta mikwaruzo ya 120. Rangi kuukuu ambayo bado imeshika haina haja ya kuondolewa. Ipunguze mng'ao tu kwa namba 240 au 320. Ukimaliza, kigeuzegeuze kitu kwenye mwanga wa pembeni. Kila sehemu ndogo inayong'aa bado ni mahali ambapo rangi mpya itabanduka. Pale rangi ya zamani ilipomeguka, sugua ukingo hadi ukipitisha ukucha usikwame, maana ngazi hiyo ndogo usiyoiona sasa itaonekana mara rangi ya kung'aa itakapopita juu yake. Kingo kali nazo zivunjwe kidogo kwa namba 320. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali, kwa hiyo ukingo usiolainishwa huwa wa kwanza kuchubuka.

Mbao hudanganya. Ukishaisugua ikawa laini, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uiache ikauke: nyuzi zitasimama. Zipige tena kwa namba 320. Usipofanya hivyo, nyuzi zitasimama ndani ya praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, na utaanza upya. Vichwa vya mbao vilivyokatwa na kingo za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) hunywa rangi sana, hivyo vizibwe kwa puti nyembamba au matabaka 2 ya ziada ya praima, na kila tabaka lisuguliwe.

Plastiki ina mtihani wake. Tafuta pembetatu yenye namba chini ya chombo. Namba 2 na namba 5 ni plastiki ambazo rangi ya kawaida haizishiki hata ukizisugua namna gani. Zinahitaji praima maalumu ya plastiki. Povu gumu jeupe la kufungashia usilipulizie rangi ya thina kabisa, kwani litayeyuka ukiliangalia.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: ikiwa samani ni ya zamani sana na huenda ina rangi ya risasi, usiisugue kwa msasa mkavu. Vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Praima ndiyo inayofanya uso kuwa bapa

Wengi huiona praima kama gundi tu. Kwa anayetaka ulaini, kazi yake kubwa ni kusuguliwa. Piga matabaka 2 au 3 membamba, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha nyunyizia juu yake ukungu hafifu sana wa rangi nyeusi, vitone vya hapa na pale tu. Chukua msasa wa maji namba 400, ufunge kwenye kipande bapa cha mbao au sponji ngumu, weka maji yenye tone la sabuni, na usugue taratibu. Vitone vyeusi vitatoweka kwenye miinuko na kubaki kwenye mabonde na mikwaruzo. Mahali palipobaki weusi panahitaji praima zaidi au puti. Ni hatua ya dakika chache, na hakuna nyingine inayoleta tofauti kubwa kama hii. Kwenye mbao na MDF tumia msasa mkavu namba 400, kwa sababu maji yakipenya kwenye praima yatazivimbisha.

Chuma kisicho na mipako kipate praima ya kuzuia kutu siku ileile kinaposafishwa. Kutu hurudi haraka kuliko inavyoonekana. Mbao yenye vifundo izibwe kwa sheleki, aina ya vanishi inayozuia utomvu, la sivyo rangi ya kahawia itapenya hadi juu ya rangi nyeupe.

Mahali, hewa na kopo

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 15 na 25. Jua la moja kwa moja huchemsha uso na rangi hukauka kabla haijatandaa. Unyevu mwingi hewani nao huharibu: thina inapovukiza huupoza uso, mvuke wa maji hugandia hapo, na rangi hutoka na weupe kama maziwa. Siku ya mvua au asubuhi yenye umande, subiri. Upepo hubeba rangi na kuleta vumbi, kwa hiyo banda lililo wazi upande mmoja ni bora kuliko uwanja. Nyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisiruke. Inua kitu juu ya vipande vya mbao au misumari hadi usawa wa kiuno, ili uweze kufikia chini bila kuinamisha kopo sana.

Gesi inayosukuma rangi kwenye makopo mengi huwaka moto. Zima jiko, mshumaa na sigara, na usipulize kwenye chumba kilichofungwa. Barakoa ya vumbi huzuia vitone lakini haizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya kaboni.

Tikisa kopo kwa dakika 1 hadi 2, ukihesabu tangu gololi ya ndani inapoanza kugonga kwa uhuru, wala si tangu ulipolishika. Kabla ya hapo chembe za rangi bado zimetuama chini na unachopuliza ni thina nyingi. Endelea kulitikisa kwa sekunde chache kila baada ya dakika moja ya kazi. Kopo likiwa baridi, mgandamizo hushuka na matone huwa makubwa. Lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10. Maji yasiwe ya moto, kwani kopo halipaswi kufika nyuzi 50. Kuhusu kiasi, kopo la mililita 400 hufunika takriban mita 1 hadi 2 za mraba kwa tabaka moja, kwa hiyo kiti kimoja chenye matabaka 3 kinaweza kumaliza makopo 2. Yanunue pamoja, yenye namba ileile ya toleo.

Mkono na mng'ao

Shika kopo sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye uso. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kitu na uachie baada ya kukipita, kwa sababu kitufe hutema matone makubwa kinapofunguka na kinapojifunga. Sogeza mkono wote kwa mstari ulionyooka, karibu sentimita 25 hadi 30 kwa sekunde. Ukizungusha kifundo cha mkono, katikati patapata rangi nyingi na pembeni kidogo. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia.

Tabaka la kwanza ni ukungu tu. Unapaswa bado kuona praima chini yake, na kishawishi cha kufunika kila kitu mara moja ndicho chanzo cha michirizi mingi. Subiri dakika 5 hadi 10. Tabaka la pili lipite katika mwelekeo unaokatiza ule wa kwanza. La tatu ndilo la kuzingatia: inama hadi macho yako yauone uso kwa pembe, mwanga ukiwa upande wa pili. Vitone vinapotua utaviona vimetengana, vyenye chembechembe. Sekunde moja baadaye vinaungana na ukanda wa mng'ao unafuata nyuma ya kopo. Ukanda huo ukiwa mfululizo, kasi yako ni sawa. Ukibaki na chembechembe, uko mbali mno au unakwenda haraka mno. Ukiona ukingo wa chini unaanza kunenepa, acha hapohapo, usiongeze hata kidogo. Na ukigundua umeruka mahali, usirudi kutia kiraka. Mstari kamili wa tabaka linalofuata utapafunika.

Anza na pembe za ndani na sehemu za chini, malizia na zile zinazoonekana zaidi. Kwenye pembe za ndani hewa hugonga na kurudi ikibeba rangi, kwa hiyo puliza kwa vipindi vifupi badala ya kujaza. Mguu wa kiti wa mviringo upulizwe kwa mistari 3 ya urefu ukizunguka, usipulize kwa kuuzungushia kopo. Meza bapa ianze upande ulio karibu nawe kuelekea mbali, ili ukungu unaoruka mbele uangukie mahali ambapo bado hujapafikia na rangi mpya iumeze.

Soma muda wa kurudia ulioandikwa kwenye kopo na uuheshimu. Makopo mengi ya enameli, rangi ngumu ya mafuta, huandika uongeze tabaka ndani ya saa 1, au usubiri saa 24 hadi 48. Katikati ya nyakati hizo ngozi ya juu imeshika lakini chini bado ni laini. Thina ya tabaka jipya hupenya, hulivimbisha, na uso mzima hujikunja makunyanzi. Hakuna dawa yake isipokuwa kusubiri ikauke kabisa, kusugua na kuanza tena.

Tepu ya karatasi iondolewe dakika 10 hadi 15 baada ya tabaka la mwisho, ukiivuta kuelekea nyuma taratibu. Ikiachwa hadi rangi iwe ngumu, itang'oka na kipande cha ukingo.

Ikiharibika

Mchirizi haufutwi ukiwa mbichi. Kidole au kitambaa hugeuza kosa la sentimita 2 kuwa la sentimita 10. Uache ukauke hadi ndani, siku moja au zaidi, kisha uusugue kwa msasa wa maji namba 400 juu ya kipande bapa hadi usawa, malizia na 600, na upulize tena. Mdudu aliyetua naye hushughulikiwa hivyohivyo.

Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa una sababu mbili zinazofanana kwa macho: rangi iliyokauka hewani kabla ya kutandaa, au tabaka nene lililowekwa mara moja. Uguse ukishakauka. Ukikwaruza kama unga, ni ya kwanza: sogea karibu au toka juani. Ukiwa laini lakini una mawimbi, ni ya pili: punguza kiasi. Vyote viwili hurekebishwa kwa namba 600 ya maji na tabaka jipya. Rangi za metali ni tofauti, usisugue tabaka lake la mwisho, kwani chembe zinazong'aa hukatika na kuacha madoa. Mistari ya giza na mwanga kwenye rangi hizo huondolewa kwa ukungu mwepesi wa mwisho kutoka sentimita 35 hivi.

Kopo likianza kutema matone, futa kitufe. Kisipopona, king'oe na ukiloweke kwenye thina. Usichokoe kamwe tundu la kopo lenyewe kwa pini. Ukimaliza kazi, geuza kopo chini juu na ubonyeze sekunde 3 hadi 5, mpaka itoke gesi tupu.

Anayetaka uso wa kioo apige matabaka 2 au 3 ya vanishi angavu inayopatana na rangi yake, asubiri wiki 1, asugue kwa maji kwa namba 1500 kisha 2000, na amalizie na dawa ya kung'arishia rangi za magari. Kwa rangi ya matte, yaani isiyong'aa, hatua hii haifai, kwani itang'aa kwa mabaka.

Rangi hukauka kuguswa ndani ya dakika 20 hadi 30, lakini ugumu wake halisi huchukua siku 7 au zaidi, enameli wiki kadhaa. Katika muda huo usiweke kitu kizito juu yake, usiifunike kwa nailoni wala gazeti, na usiifute kwa dawa yoyote. Kitambaa kikavu kinatosha.