Kumlaza mtoto mchanga mchana

Mtoto wa chini ya miezi mitatu akilia mchana, na ameshiba, na nepi ni kavu, mara nyingi amepitiliza wakati wake wa kulala. Hesabu tangu alipofumbua macho. Katika wiki 6 za kwanza humudu kukaa macho dakika 45 hadi 60 hivi, kunyonya kukiwemo. Akikaribia miezi mitatu, hadi saa moja na nusu. Dalili za mwanzo hazina kelele: anakodoa macho bila kutazama kitu, anageuza uso ukimsemesha, anapiga miayo. Anza hapo hapo. Ukingoja kilio, atakuwa amechoka mno hata kutulia kumemshinda.

Mpigepige mgongo acheue kwanza. Kisha leso: funga mikono tu, miguu iwe huru kukunjuka na kutanuka, maana leso inayobana nyonga huweza kuharibu kiungo kile. Siku atakapoanza kujaribu kujigeuza, acha kumfunga kabisa.

Mbembeleze hadi mikono ilegee. Sasa kumweka kitandani, na hapa ndipo wengi hukwama. Kichwa kikishuka kabla ya mwili, mtoto huhisi anaanguka, hutupa mikono na kuamka. Tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho, halafu uache kiganja chako kifuani pake dakika moja au mbili. Alale chali kila mara, kwenye godoro gumu lililo bapa, pasipo mto, shali wala midoli. Kochi si mahali pa kumlaza, na usisinzie naye hapo hata kidogo: anaweza kuzama kati ya mito akakosa hewa.

Baridi ya Nairobi ya Juni na Julai huwafanya watu kumrundikia mtoto nguo. Mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza. Kofia ya sufu ivuliwe anapolala ndani. Na tafadhali, usiingize jiko la makaa chumbani kupasha joto: hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Honi za matatu na vipaza sauti vya wachuuzi humshtua kwa sababu huja ghafla. Feni inayovuma, iliyo mbali naye na isiyompulizia, huzifunika vizuri. Giza totoro halihitajiki. Akiwa macho, mkalishe penye mwanga wa mchana ili mwili wake ujifunze kutofautisha mchana na usiku.

Akiamka baada ya dakika 40 hivi, hujakosea: ni mzunguko mmoja wa usingizi umeisha. Mwekee mkono kifuani tena. Asiporudi usingizini, mchukue.

Bali mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya, asiyeamka kwa urahisi, au mwenye joto la nyuzi 38 na zaidi, si wa kubembelezwa. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.